Ufikivu wa majengo katika Nachingwea na Ruangwa

Ufikivu wa majengo ni hali ya jengo kuweza kufikiwa, kuingiwa, kutumiwa na kuondokewa na watu wote kwa usalama, wakiwemo watu wenye ulemavu, wazee, wajawazito, wagonjwa na watoto. Makala hii inahusu ufikivu wa majengo ya umma na ya biashara katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, pamoja na sheria na vipimo vinavyohusika.

Nchini Tanzania ufikivu ni haki inayotambuliwa na sheria. Hata hivyo, katika wilaya za vijijini haki hiyo hutegemea sana mambo madogo ya ujenzi: ngazi mbili mbele ya zahanati, mlango mwembamba wa choo cha shule, au kaunta iliyo juu mno. Mara nyingi kijiji kina zahanati moja na ghala moja la ushirika. Asiyeweza kuingia humo hana jengo lingine la kwenda.

Istilahi

Katika Kiswahili cha Tanzania, nyaraka nyingi za serikali hutumia maneno "miundombinu rafiki kwa watu wenye ulemavu". Neno "ufikivu" lina maana pana zaidi, kwa sababu linahusu pia taarifa, mawasiliano na usafiri. Mtu kiziwi aliyeingia ofisini bila shida lakini hakupata wa kumsikiliza kwa lugha ya alama bado hajaifikia huduma.

Istilahi nyingine ya karibu ni "usanifu kwa wote". Maana yake ni kubuni jengo tangu mwanzo ili litumiwe na watu wa kila aina, badala ya kujenga kwanza kisha kuongeza njia ya pembeni kwa ajili ya wachache. Wazo hili lilienezwa na msanifu majengo wa Marekani Ronald Mace (1941–1998), ambaye alitumia kiti mwendo tangu utotoni baada ya kuugua polio.

Mazingira ya wilaya hizi mbili

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya zinazopakana. Katika sensa ya mwaka 2012 Nachingwea ilihesabiwa kuwa na wakazi 178,464 na Ruangwa 131,080. Katika sensa ya mwaka 2022 Nachingwea ilikuwa na wakazi 233,655 na Ruangwa 185,573. Wakazi wengi ni wakulima wa korosho, ufuta, mbaazi na mazao ya chakula.

Mji wa Nachingwea ulikua kutokana na mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951. Mradi huo uliacha uwanja wa ndege na reli kutoka Mtwara ambayo baadaye iling'olewa. Ruangwa ulibaki mji mdogo kwa muda mrefu, lakini umepanuka katika miaka ya karibuni kwa kujengwa barabara, ofisi, shule na Uwanja wa Majaliwa unaotumiwa na timu ya Namungo FC.

Majengo mengi katika miji hii ni ya ghorofa moja. Jambo hili lina maana kubwa kwa ufikivu. Katika miji mikubwa kikwazo huwa ni lifti, ambayo ni ghali kununua na kutunza. Katika miji midogo kikwazo cha kawaida ni tofauti ya kimo kati ya ardhi na sakafu, ambayo inaweza kuondolewa kwa saruji, mchanga, kokoto na vipimo sahihi.

Tofauti hiyo ya kimo ina sababu yake. Mvua za kusini hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mafundi huinua msingi ili maji yasiingie ndani, na barabara huchimbiwa mitaro pembeni. Kwa hiyo mteja wa duka mara nyingi huvuka mtaro kwanza, kisha hupanda baraza, ndipo akaufikia mlango. Msingi ulioinuliwa unalinda jengo, na hakuna haja ya kuushusha. Kinachotakiwa ni njia ya kuufikia isiyo na ngazi.

Watu wanaohusika

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3 duniani, yaani takriban mtu mmoja kati ya sita, wana ulemavu mkubwa.

Mahitaji yao hayafanani:

- Watumiaji wa viti mwendo na baiskeli za magurudumu matatu huhitaji njia isiyo na ngazi, milango mipana na nafasi ya kugeuka.
- Wanaotembea kwa magongo huhitaji sakafu isiyoteleza na mahali pa kushika. Baadhi yao huona ngazi fupi zenye vishikizo kuwa rahisi kuliko mteremko mrefu, hivyo jengo zuri huwa na njia zote mbili.
- Wasioona huhitaji njia iliyonyooka isiyo na mashimo wala vitu vinavyoning'inia, na maandishi ya nukta nundu kwenye milango.
- Watu wenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino, huhitaji herufi kubwa zenye rangi inayotofautiana na ubao, na kingo za ngazi zilizopakwa rangi. Watu wenye ualbino huhitaji pia kivuli mahali pa kusubiri.
- Viziwi huhitaji taarifa za maandishi au picha, mwanga wa kutosha kwenye dirisha la huduma na mhudumu anayejua lugha ya alama.

Mbali na hao, mteremko hutumiwa na mjamzito aliyekaribia kujifungua, mzee, mtu aliyevunjika mguu, mama aliyebeba mtoto na mpagazi anayesukuma mkokoteni. Karibu kila mtu huhitaji ufikivu katika kipindi fulani cha maisha yake.

Sheria na sera

Kiwango cha kwanza cha kitaifa kuhusu ufikivu wa majengo kilitolewa Marekani mwaka 1961. Mwaka 1990 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyopiga marufuku ubaguzi wa watu wenye ulemavu hata katika maduka, hoteli na mikahawa. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 9 ya mkataba huo inazitaka nchi kubaini na kuondoa vikwazo katika majengo, barabara, usafiri na mawasiliano. Inahusu pia watu na kampuni binafsi zinazotoa huduma kwa umma, si serikali pekee.

Tanzania ilitoa sera yake ya taifa kuhusu watu wenye ulemavu mwaka 2004 na kuridhia mkataba huo mwaka 2009. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka huo. Sheria hiyo inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kuishi katika mazingira yasiyo na vikwazo na kuyafikia majengo na huduma za umma. Inamtaka pia mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuajiri watu wenye ulemavu kwa kiwango cha asilimia 3. Sharti hilo la ajira haliwezi kutimizwa vizuri ikiwa ofisi yenyewe haiingiliki.

Katika Afrika Mashariki, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa, pamoja na usafiri wa umma na taarifa. Uganda ilitunga sheria mpya ya watu wenye ulemavu mwaka 2020 badala ya ile ya mwaka 2006.

Nchini Tanzania watu wenye ulemavu wana vyama vyao, vikiwemo Chama cha Wasioona Tanzania (TLB), Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) na Chama cha Walemavu Tanzania (CHAWATA). Vyama hivi vimeungana katika shirikisho la SHIVYAWATA.

Mnyororo wa ufikivu

Wataalamu huuelezea ufikivu kama mnyororo. Safari ya mtu huanzia barabarani na kuishia kwenye huduma, kisha kurudi. Pete moja ikikatika, zilizobaki hazina faida. Zahanati yenye mteremko mzuri lakini yenye choo kisichoingilika humlazimu mgonjwa kukaa bila kunywa maji hadi arudi nyumbani.

Vipimo vinavyotumika sana kimataifa ni hivi:

Njia na mtaro. Njia kutoka barabarani iwe ngumu na sawa, si mchanga wala kokoto zilizolegea. Daraja la mtaro liwe pana na imara. Mbao mbili zilizoachana hazipitiki kwa kiti mwendo, na ni hatari kwa mtu asiyeona.

Mteremko. Kipimo kinachojulikana zaidi ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo huhitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 huhitaji mteremko wa mita 1.8. Ngazi tatu zenye kimo cha jumla cha sentimita 45 huhitaji mita 5.4. Mteremko uwe na ukingo pembeni ili gurudumu lisitoke, vishikizo, na sehemu tambarare chini na juu.

Mlango. Upana wa kupita, mlango ukiwa wazi, usipungue sentimita 80. Kizingiti kiwe chini au kisiwepo. Mbele ya mlango pawe na sehemu tambarare, kwa sababu mtu hawezi kufungua mlango huku kiti chake kikirudi nyuma.

Nafasi ya kugeuka. Kiti mwendo huhitaji mduara wenye kipenyo cha takriban mita 1.5.

Kaunta. Angalau sehemu moja ya kaunta iwe na kimo cha karibu sentimita 80, na iwe wazi kwa chini ili magoti yaingie.

Choo. Angalau choo kimoja kiwe cha kukaa, chenye mlango unaofungukia nje, vishikizo ukutani, nafasi ya kugeuka, na maji yanayofikika mtu akiwa ameketi. Choo cha kuchuchumaa hakitumiki kwa mtu asiyeweza kukunja magoti au asiye na nguvu miguuni.

Taarifa na dharura. Vibao viwe na herufi kubwa na alama za picha. Njia ya kutokea wakati wa moto nayo isiwe na ngazi, kwani mtu aliyesaidiwa kuingia na watu wanne huenda asiwapate watu hao moto ukizuka.

Majengo ya umma

Vituo vya afya

Huduma za afya hutolewa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya. Hapa ufikivu unagusa uhai moja kwa moja. Kitanda cha kujifungulia kilicho juu na kisichoshuka humpa shida mwanamke mwenye ulemavu wa miguu. Mizani ya kusimama haimpimi mtu asiyeweza kusimama, na dozi za baadhi ya dawa hutegemea uzito. Kliniki ya macho huwa na wagonjwa wasioona vizuri, hivyo vibao vyake vinahitaji herufi kubwa kuliko vya idara nyingine.

Shule

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne katika shule za serikali hutolewa bila ada. Kuondolewa kwa ada kulipunguza kikwazo cha fedha, lakini hakukuondoa ngazi wala umbali. Mtoto anayebebwa na wenzake kuingia darasani huendelea na masomo maadamu wenzake wapo na ana mwili mdogo. Akikua, au akianza kuona haya kubebwa hadi chooni, huwa katika hatari ya kuacha shule. Kwa msichana aliyefikia umri wa hedhi, choo chenye faragha na maji ni sharti la kuhudhuria masomo.

Mwaka 2021 serikali ilitenga shilingi trilioni 1.3 kutokana na mkopo wa kukabiliana na athari za UVIKO-19. Fedha hizo zilijenga, pamoja na mambo mengine, vyumba vya madarasa 15,000 nchini kote na mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Ujenzi wa wingi wa namna hii huamua ufikivu kwa muda mrefu, maana darasa likijengwa hutumika kwa miongo kadhaa.

Majengo ya shule hutumika pia kama vituo vya kupigia kura na mahali pa mikutano ya kijiji. Kwa hiyo ngazi ya darasa huweza kuwa kikwazo kwa mpiga kura pia.

Ofisi za serikali za mitaa

Ofisi ya kijiji, kata na halmashauri ndiko wananchi hupata barua za utambulisho, vibali na mikopo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upitiwe upya, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Mkopo uliotengwa kwa watu wenye ulemavu huombwa kupitia ofisi, na ofisi isiyoingilika humfanya mwombaji amtegemee mtu wa kumwingilia kwa niaba yake na kumsemea mambo yake ya fedha.

Majengo ya biashara

Ushirika, ghala na benki

Katika wilaya hizi fedha nyingi za wakulima hupitia korosho. Zao hili huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), hupimiwa na kupewa stakabadhi, kisha korosho huuzwa kwa mnada. Vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale viko chini ya chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na majina ya wilaya hizo tatu. Malipo hupitia akaunti.

Utaratibu huu una vituo vitatu vya ufikivu: ghala, mkutano wa chama na benki. Maghala mengi hujengwa na sakafu iliyoinuka ili magari yapakie kwa urahisi, hivyo mizani huwa juu. Mkulima asiyeweza kupanda hasomi mwenyewe uzito wa korosho zake. Mkulima asiyeona hutegemea kusomewa stakabadhi. Benki nazo huhitaji mteremko, kaunta ya chini, na mashine ya kutolea fedha ambayo vitufe vyake vinafikika kwa mtu aliyeketi. Mawakala wa benki na huduma za fedha kwa simu wamepunguza safari za mjini. Hata hivyo asiyeona akimpa mtu mwingine namba yake ya siri ili amsaidie, faragha yake huvunjika.

Maduka, nyumba za wageni na stendi

Duka dogo linaweza kuhudumia wateja wote kwa njia rahisi, kama daraja imara la mtaro, mteremko mfupi upande mmoja wa baraza, na bidhaa zisizopangwa kwenye njia ya kupita. Nyumba ya kulala wageni huhitaji angalau chumba kimoja ambacho mlango wa bafu lake ni mpana kama mlango wa chumba. Katika stendi za mabasi, sehemu ya kusubiri yenye kivuli na choo kinachoingilika ni muhimu kwa wasafiri wa safari ndefu za kwenda Lindi, Mtwara na Dar es Salaam.

Viwanja vya michezo

Mtazamaji anayetumia kiti mwendo huhitaji sehemu tambarare yenye kuona uwanja hata mashabiki wa mbele wanaposimama, na kiti cha mwenzake pembeni. Kuwekwa peke yake nyuma ya goli au kwenye njia ya kukimbilia humtenga na wenzake, na huweza kumhatarisha.

Gharama na ujenzi

Gharama ya ufikivu hutegemea zaidi wakati uamuzi unapofanywa. Katika jengo jipya, mlango wa sentimita 90 badala ya 70 hupunguza tofali na kuongeza mbao kidogo tu. Katika jengo lililokwisha, kupanua mlango huo humaanisha kubomoa ukuta, kubadilisha linta, kununua fremu mpya na kupiga plasta upya. Mteremko ukipangwa mapema hupata nafasi yake katika kiwanja. Ukikumbukwa mwishoni hubanwa na ukuta, mti au mtaro.

Kosa linaloonekana mara nyingi hutokana na hali hiyo ya mwisho. Fundi mwenye nafasi ya mita 2 tu mbele ya baraza lenye kimo cha sentimita 45 hujenga mteremko wa karibu 1 kwa 4.4. Katika ripoti jengo huhesabiwa kuwa na mteremko, lakini mtu wa kiti mwendo hawezi kuupanda bila kusukumwa, na akishuka huweza kupinduka. Suluhisho ni kuupitisha mteremko kando ya ukuta au kuukunja mara mbili wenye sehemu ya kupumzikia katikati.

Madarasa na zahanati nyingi za serikali hujengwa na mafundi wa eneo husika chini ya kamati za wananchi, badala ya wakandarasi. Utaratibu huu hupunguza gharama na huwapa wenyeji kazi. Kwa upande wa ufikivu, matokeo hutegemea kama vipimo vimeandikwa kwenye michoro na kwenye mchanganuo wa vifaa. Mteremko usio na fungu lake katika mchanganuo huwa wa kwanza kuachwa saruji inapopungua.

Usimamizi na ukaguzi

Majengo ya biashara katika maeneo ya miji huhitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Hatua hiyo, kabla tofali la kwanza halijawekwa, ndiyo nafuu kuliko zote kwa kurekebisha mlango, choo na mteremko. Jengo likishapata wapangaji, mwenye nyumba husema mpangaji arekebishe, na mpangaji husema jengo si lake.

Sheria ya mwaka 2010 inaweka pia kamati za watu wenye ulemavu katika ngazi za mkoa, halmashauri na kijiji au mtaa. Mtumiaji wa kiti mwendo akishirikishwa kukagua jengo kabla ya kukabidhiwa, kasoro hugundulika ndani ya dakika chache: mlango unaogonga bomba la choo, swichi iliyo juu, au kufuli ambalo ufunguo wake haujulikani aliko. Kufungwa kwa choo cha watu wenye ulemavu au kukigeuza stoo ya mafagio na ndoo huondoa ufikivu uliokwisha kulipiwa.

Ukaguzi wa awali hauhitaji vifaa vya ghali. Mteremko hupimwa kwa futikamba: kimo cha sakafu kutoka ardhini huzidishwa kwa 12, kisha hulinganishwa na urefu wa mteremko ulio chini. Ikiwa urefu ni mdogo kuliko jibu, mteremko ni mkali kupita kipimo. Upana wa mlango hupimwa ukiwa wazi, kutoka ubao wa mlango hadi fremu ya upande wa pili, kwa kuwa upana wa fremu pekee huwa mkubwa kuliko nafasi inayopitika.

Tazama pia

- Wilaya ya Nachingwea
- Wilaya ya Ruangwa
- Mkoa wa Lindi
- Ulemavu
- Nukta nundu
- Lugha ya alama